Chumvi Kwenye Barafu

Samaki akitoka jasho hauziki. Mteja akiona matone juu ya magamba anasema huyu wa jana, na hata ukimwapia kwamba alivuliwa alfajiri hakusikii. Kwa hiyo mchuuzi pale soko la feri ana deli lake la samaki, ana barafu yake, na begani ana kipande cha khanga. Anapokea hela, anatania, anagombana na jirani, na mkono mwingine unafuta. Mimi nilifuta miaka thelathini na mmoja. Mkono wangu ulifika mahali ukawa hauniulizi tena.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuharibia.

Odete ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Mama yake analima Ziwani. Mimi nilimchukua alipoanza shule, kwa kuwa nyumba yangu iko Shangani, hapa Mtwara, nyuma kidogo ya nyumba za wakubwa, na kwa kuwa babu yake Lourenco alikuwa ameshakufa na nyumba ilikuwa kimya mno. Jina la Odete ni la mama yangu, aliyenivusha Ruvuma mgongoni wakati wa vita vya kule Msumbiji. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi, basi tumeishi hivyo, tukigombania mume aliyelala makaburini.

"Lourenco alinipenda mimi zaidi," ataniambia.

"Alikuona una meno mawili. Angekupendea nini?"

"Hayo hayo mawili. Wewe sasa unayo mangapi?"

Alisoma chuo miaka miwili, ufundi wa kompyuta, akarudi na cheti. Cheti kikakaa ukutani miaka minne. Kila alikopeleka barua walitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani mpaka upate kazi, na kazi ndiyo hiyo. Nikaona anavyopungua. Si mwili. Alikuwa anacheka, lakini akicheka anaangalia pembeni.

Mashine yake aliiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja, kutoka kwenye mashine zilizokufa za watu. Haikuwa na sanduku. Ilikaa wazi juu ya meza kama kuku aliyepasuliwa, bodi chini, nyaya juu, feni inazunguka.

Mwezi wa pili mwaka huu akanikalisha. "Bibi, kuna prosesa mpya zinatoka."

Nikamwuliza prosesa ni nini. Akasema ni kile kidude kinachofikiri ndani ya mashine, ukubwa wake kama biskuti. Kila mwaka au miwili kinatoka kizazi kipya chenye kasi kuliko baba zake. Na wako watu hawaridhiki na kasi kilichozaliwa nayo, wanakikimbiza zaidi. Kuovakloki, ndivyo wanavyoita.

"Kwa nini wasikiache chenyewe?"

"Wewe ukiwa na punda anayeweza mbio utamwacha atembee?"

"Punda akikimbizwa sana anakufa."

"Hafi kama amepoa. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, bibi. Unamkimbiza huku unampooza. Akipata joto anazima. Akipoa anakwenda."

Na kulikuwa na mashindano. Kampuni moja ya Dar, inayounda mashine za watu wa filamu na wachora majengo, ilitaka fundi mmoja. Haikuuliza cheti wala uzoefu. Ilitaka mtu yeyote wa Afrika Mashariki atakayeipeleka prosesa ya kizazi kipya mbali kuliko wenzake, kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, saa sita mchana. Kupooza kuwe kwa vitu vya nyumbani tu: feni, maji, barafu, chochote kinachopatikana jikoni. Wa kwanza anaajiriwa. Wa pili anapewa fulana.

"Fulana unazo," nikamwambia.

"Ndiyo maana naitaka nafasi ya kwanza."

Kumbe kutangazwa si kufika. Prosesa zilitangazwa mwezi wa tatu, zikasifiwa kila mahali, na ukiuliza hakuna mwenye nayo. Odete akaenda kwa Abuzar. Baba yake Abuzar, mzee Yusufali, alianza duka lile la mjini kwa vibiriti na mafuta ya taa. Mtoto anauza simu, redio na hizo mashine. Abuzar akamweleza ukweli: mzigo wa kwanza unakwenda Ulaya, wa pili Dubai, na kinachoonjwa Dar kinaisha kabla hakijapangwa kwenye rafu. Lakini alikuwa na binamu Kariakoo. Wakapatana Odete amtengenezee mashine za wateja miezi mitatu bila mshahara, na prosesa moja itakuwa yake.

Alikwenda kila siku, hata siku za mvua ile kubwa. Maryambai, mama yake Abuzar, anayekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta siku nzima na tasbihi yake, akamwambia, "Wewe binti unafanya kazi kama mtu aliyeahidiwa mahari."

"Nimeahidiwa, mama. Ila mume mwenyewe mdogo kama biskuti."

"Wadogo ndio wana kelele," akasema Maryambai.

Dar zilikuja kumi na mbili. Ya Odete ilikuwa ya kumi na mbili. Ilifika Mtwara kwa basi siku ya Jumatano, zimebaki siku nne.

Alinionyesha kwenye kiganja. Mimi nilitegemea kitu cha kutisha, nikaona kipande cha bati kinachong'aa, chini kina vidoti vya dhahabu kama upele. Akaniambia hazilingani. Zote zimetoka tumbo moja, lakini moja inaweza mbio na nyingine inachoka, na hakuna wa kukwambia ipi ni ipi mpaka uikimbize.

"Kama watoto," nikasema.

"Kama watoto. Omba Mungu huyu awe na miguu."

Alikuwa nayo. Kwa kuzaliwa, mwendo wake ulikuwa tano nukta tano, gigahezi wanaita. Alhamisi, kwa feni peke yake, Odete aliifikisha tano nukta tisa. Ijumaa akatia barafu. Alikuwa amechongesha kwa fundi wa vyuma kikombe cha shaba chenye kitako kizito. Kikombe kinasimama juu ya prosesa, barafu inatiwa ndani, baridi inashuka. Kando yake kote alipaka mafuta ya mgando, yale ya watoto, mengi, ili umande wa kikombe ukishuka usiguse bodi. Maji na umeme, aliniambia, hawapatani hata ukiwaletea mshenga.

Kwa barafu ilifika sita nukta moja saba. Kwenye simu yake kulikuwa na orodha ya washindani, na wa juu alikuwa jamaa mmoja wa Mombasa, sita nukta mbili moja. Odete alijaribu mpaka barafu ikaisha. Sita nukta moja nane, mashine inazima. Nane tena, inazima.

"Miguu anayo," akasema. "Joto ndilo linamrudisha. Kama ningepata baridi zaidi kidogo."

Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Ningekaa kimya siku ile, pengine angekuwa wa pili na fulana yake. Nikasema, "Tia chumvi."

"Wapi?"

"Kwenye barafu. Chumvi ya mawe. Barafu tupu inapooza, barafu yenye chumvi inauma. Sisi feri tukitaka kamba wafike Masasi wazima tunatia chumvi."

Aliinuka mezani. Kisha akaja akanishika mashavu kwa mikono yake iliyonuka shaba. "Mke mwenza," akasema, "kumbe Lourenco hakuwa mjinga."

Jumamosi asubuhi tukatia chumvi. Kipimo chake cha joto kikashuka mpaka kumi na sita chini ya sifuri. Kikombe kikavaa weupe kama unga. Odete akaipandisha: sita nukta mbili mbili, haikuzima. Mbili nne. Mbili sita. Ili mtu aandikwe lazima mashine imalize jaribio, kama dakika kumi hivi, kuna mstari kwenye kioo unajaa taratibu, na ukijaa ndipo unapiga picha na kutuma. Mstari ulikuwa umejaa nusu umeme ukakatika.

Tukakaa gizani, mchana ule, madirisha tuliyafunga kwa ajili ya jua. Gesi inatoka kwetu, bomba linaondoka Madimba tunaliona, linakwenda kuwasha Dar, na sisi tunakaa na kibatari. Mwaka mwingine Odete angetukana. Siku ile alicheka.

"Haidhuru. Tumeshajua inafika. Kesho asubuhi."

Umeme ulirudi jioni, na barafu ilikuwa imekwisha kote. Akapika yeye siku hiyo. Akawa ananieleza Dar. Atapanga chumba chenye madirisha mawili. Atanichukua. Nikamwuliza mimi nitafanya nini Dar, akasema nitakaa dirishani niwatukane wapita njia, kazi ninayoiweza. Hakuwa anaangalia pembeni. Miaka minne sikuwa nimeuona uso ule, nikala ugali wangu polepole ili usiishe.

Jumapili saa kumi na mbili Josephu wa barafu alitufungulia, ingawa si siku yake. Alinijua tangu mabega yangu yakiwa mazima. Tukaleta mche mmoja wa barafu, tukauponda kwenye gunia, nikauchanganya na chumvi ndani ya beseni kwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu kipimo chake nakijua kwa vidole. Baridi ya chumvi inakata. Kila mara nilikausha vidole kwenye khanga begani. Khanga ikalowa yote. Hilo sikulifikiria.

Odete akaniweka kwenye kigoda kando ya meza, akanipa kijiko. "Bibi, kazi yako ni kulisha kikombe. Kikipungua, tia. Usiguse kingine."

"Nimekuzalia mama, unanifundisha kijiko?"

"Nakufundisha. Tia polepole."

Saa mbili na nusu akaanzisha jaribio, sita nukta mbili sita. Feni zikalia. Yeye macho kwenye kioo, mimi kwenye kikombe. Mstari ukaanza kutambaa. Robo. Nusu, pale tulipoishia jana, ukapita. Robo tatu. Nikawa sasa naangalia mstari na mimi, nani angeweza kuacha. Kijiko mkono wa kulia, kinatia, kinarudi. Odete akanong'ona, "Dakika mbili."

Kikombe kilikuwa kimeanza kutoka jasho. Ule weupe wa nje ulikuwa unalainika, tone moja limekusanyika ubavuni, linene, limening'inia.

Sikuamua. Nimejiuliza mara nyingi, nimetafuta mahali nilipoamua, sipaoni. Mkono wa kushoto ulishuka begani, ukachukua khanga, ukafuta kile kikombe kama ubavu wa samaki changu. Ncha ya khanga ikajiminya, maji ya chumvi yakatiririka juu ya bodi, kule mbele ambako mafuta ya mgando hayakufika.

Ilisikika kama kitunguu kikiguswa na mafuta ya moto. Kidogo tu. Kisha harufu. Kisha kioo kikawa cheusi na feni zikasimama.

Odete alichomoa waya ukutani. Akakaa na waya mkononi.

Alipanguza, akapuliza, akakausha kwa feni ya mezani, akawasha. Hakuna. Akaichomoa prosesa, akaifunga kwenye kitambaa safi kama jino la mtoto, tukapanda bodaboda wote wawili mpaka kwa Abuzar. Duka lilikuwa limefungwa, akashuka kutoka juu na kanzu ya nyumbani. Alikuwa na bodi moja dukani inayokubali kizazi kile. Wakaiweka. Abuzar akawasha mara tatu, akageuza, akawasha tena.

"Hii imekufa, Odete."

"Jaribu tena, kaka."

Akajaribu tena kwa heshima tu. Kisha akampigia binamu yake Kariakoo, sauti akaiweka wazi ili tusikie. Zile kumi na moja ziliondoka wiki ileile. Mzigo mwingine mwezi wa saba, Mungu akipenda. Abuzar akauliza, hata ya mtu binafsi, ya kuazima saa mbili tu, tuna mtu huko Dar anayeweza kuipokea na kumkimbizia Odete. Binamu akasema anamjua mmoja, yuko Arusha, lakini naye anashindana.

"Basi," akasema Odete. "Asante, kaka."

Ilikuwa saa nne na robo. Abuzar akachukua lenzi yake ya kutengenezea saa, akaikagua prosesa upande wa vidoti. "Kuna weupe hapa," akasema. Akaukwangua kwa ukucha. "Umekauka kabisa. Kitu gani hiki?"

"Umande," akasema Odete.

"Umande mweupe?"

"Umande, kaka. Ulishuka kutoka kwenye kikombe. Nilipaka mafuta machache."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kiti cha Maryambai, khanga ileile begani, imeshakauka na kuwa ngumu kama gamba. Nikafungua mdomo. "Abuzar, mwanangu, ni mi—"

"Bibi," akasema Odete, hajanigeukia. "Twende nyumbani. Jua linapanda."

Saa sita ilipofika alikuwa uani, anakisugua kile kikombe cha shaba kwa mchanga na ndimu mpaka kikang'aa. Simu ilikuwa ndani. Ililia mara moja, hakwenda kuiangalia. Niliiangalia mimi, na kwa darasa langu la tatu niliweza kusoma namba: sita nukta mbili moja, na jina la yule jamaa wa Mombasa, na kikombe cha dhahabu kimechorwa pembeni yake.

Nilijaribu Jumanne, tukichambua mchicha. Nikamwambia, "Odete, umande hauna chumvi."

"Ule ulikuwa nayo," akasema, akaendelea kuchambua.

Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unajua deni limefika mlangoni, unafungua. Yeye aliniletea maji ya kuoga yenye uvuguvugu, alinifunga kiuno kwa dawa yangu, aliniita mke mwenza kama kawaida. Ila akicheka, anaangalia pembeni. Mashine aliifumua. Kila kipande akakirudisha kwa mtu aliyekitoa au akakigawa. Meza sasa inakaa sahani.

Mwezi wa saba mzigo ukafika, na safari hii si wa kuonja. Nilipita kwa Abuzar kununua betri za redio nikaziona dirishani, nne, kwenye maboksi yake, na karatasi ya kusema bei imepunguzwa. Nne, na hakuna anayezigombania. Nikasimama pale mpaka Maryambai akatoka na kuniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu.

Abuzar alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka na soksi zake, akamwambia Odete achukue moja, arudi dukani miezi mitatu mingine kama awali, au arudi kwa mshahara, hata mdogo, watapatana.

"Nashukuru, kaka. Hiyo moja ya nini sasa?"

"Yatakuja mashindano mengine."

"Yatakuja," Odete akakubali, kwa adabu, kama unavyomkubalia mgonjwa anayesema atapona. Akamsindikiza mpaka barabarani. Hakurudi dukani kwake.

Magoti yangu yalikataa mwezi wa nane. Asubuhi moja niliamka nikakuta deli halipo. Nikajikongoja hadi feri, nikamkuta amekaa mahali pangu, changu na vibua wamepangwa vichwa upande mmoja, kipande cha khanga begani.

Sasa huwa nakwenda naye. Nakaa nyuma yake kwenye ndoo iliyofudikizwa, nafukuza paka. Ikifika saa tano barafu yake imeshakuwa maji, kwa sababu hatii chumvi. Wenzake wote wanatia, yeye hatii, na wateja wana midomo.

"Bibi Carlota," alisema mama mmoja juzi, mteja wangu wa zamani, anabonyeza jicho la samaki, "huyu mjukuu wako barafu yake uji mtupu. Miaka yote hiyo hukumfundisha kutia chumvi?"

"Nilimfundisha," nikasema.

Odete hakugeuka. Alikuwa anamrudishia mtu mwingine chenji, anataniana naye kuhusu mtumbwi wa kaka yake, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshashuka begani, umechukua khanga, unafuta.